Leseni ya Bibo

Nasema mapema ili nisije nikaulizwa baadaye: nilikuwepo, na pikipiki iliyopanda Newala siku ile ilikuwa yangu. Hapa Masasi watu wanasimulia habari ya Mwalimu Priska utadhani alikaa peke yake na kompyuta, akabonyeza kitufe, mambo yakanyooka. Thubutu! Mimi nilikuwepo na nilimgombeza, tena kwa sauti mpaka wateja wakageuka.

Naitwa Mama Oliva. Nina steshenari nyuma ya stendi, natoa fotokopi, nachapa barua, nalaminesha vyeti. Mdomo wangu hauna breki na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Priska ni mwalimu wa hesabu wa sekondari na huja kwangu karibu kila jioni kwa sababu intaneti yangu haisuasui. Kazaliwa Chiungutwa, baba yake alikuwa katekista wa Anglikana, mtu mpole kupita kiasi, na Priska kaurithi upole ule wote isipokuwa kwenye jambo moja. Mtajie ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyavika maua ya mkorosho unga mweupe mpaka yanakauka, utaona sura inavyobadilika.

Ana sababu. Alipokuwa kidato cha pili, mama yake alipuliza salfa, dawa ya ubwiri, mapema kwa kuwa jirani naye kapuliza. Ubwiri ukaja baadaye, salfa imekwisha, na shamba zima likapukutisha maua. Priska aliniambia kwamba siku ile alisimama chini ya mikorosho akalia kwa hasira, akajiapia kwamba atajua siku ya kupuliza inajulikanaje. Wengine wanajiapia mambo wakiwa na miaka kumi na tano, wakifika ishirini wamesahau. Huyu hakusahau.

Akajifunza kuandika programu kwa simu iliyopasuka kioo, halafu kwa kompyuta ya mkononi ya mitumba ambayo betri yake ilikufa zamani. Miaka mitatu kaandika kitu alichokiita Umande. Unakipa habari za shamba, maua yamefikia wapi, usiku kulikuwa na baridi kiasi gani, asubuhi umande umekaa mpaka saa ngapi, nacho kinakujibu: puliza, au subiri. Mimi nikadhani ni programu ya kuweka kwenye simu. Akanisahihisha kwamba ni maktaba, yaani kipande ambacho watengeneza programu wengine wanakichukua na kukichomeka kwenye programu zao, kama fundi baiskeli anavyochukua mnyororo uliokwisha tengenezwa badala ya kukaa kuuchonga. Basi hilo nikalielewa, maana sisi wa huku na baiskeli si wageni.

Kazi yote aliiweka wazi mtandaoni, mahali ambapo waandishi wa programu wa dunia nzima huweka zao. Na chini kabisa akaandika mstari mmoja kwa Kiswahili: "Ruhusa: chukueni kama mnavyochukua bibo njiani."

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Ukipita shambani kwa mtu msimu wa korosho, una njaa, una kiu, bibo, lile tunda la mkorosho, limeiva linakuangalia, unaokota, unakula, hakuna atakayekuuliza. Lakini korosho iliyoning'inia kwenye lile bibo unainyofoa na kuiacha pale pale chini ya mti. Ukiondoka nayo wewe ni mwizi, hata iwe moja. Mtoto wa miaka minne anaijua sheria hiyo. Priska akaona ameandika ruhusa iliyo wazi kuliko zote duniani!

Jumanne moja ya mwanzo wa Juni akaja dukani bila hata salamu. Kapata barua pepe kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Mueda, kwa kijana anayeitwa Anastasi. Nikamwambia aisome kwa sauti, na ilikuwa kwa Kiswahili, maana wale ni ndugu zetu.

"Mwalimu, Umande nimeujaribu na umenishangaza. Sisi tunatengeneza huduma ya ujumbe wa simu kwa wakulima elfu nne wa korosho, nataka kuuchomeka humo. Mstari wako wa bibo mimi nimeuelewa, hata huku ni hivyo hivyo. Lakini mwanasheria wetu yuko Maputo. Ameniuliza bibo ni nini na sheria yake imeandikwa wapi. Anataka leseni inayojulikana, na mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Ikishindikana, msimu huu tutaendelea bila Umande."

Wakulima elfu nne! Nilipiga makofi peke yangu. "Sasa tunangoja nini? Twende halmashauri tukakate leseni! Ninamjua anayehusika, ile ya duka langu niliipata siku moja."

Priska akacheka mpaka akakaa. "Mama Oliva, hii leseni haikatwi halmashauri. Ninaitoa mimi. Mwenye kazi ndiye anayewaambia wengine: nawaruhusu mfanye hiki na hiki, kwa masharti haya."

"Si ulishasema? Bibo."

"Ndiyo kosa langu. Kisheria, kitu usichokitolea leseni ni chako peke yako hata ukikiweka barabarani. Watu wanaweza kukiona, lakini hawana ruhusa ya kukitumia. Na mstari wangu wa bibo hakuna hakimu wa Maputo atakayejua unaishia wapi."

Loo! Nikaduwaa. Yaani mtu kaweka mlango wazi miaka mitatu, kumbe kwa macho ya sheria umefungwa kwa kufuli. Nikamwambia basi afungue hilo kufuli sasa hivi, mimi nifunge duka tukanywe soda. Akafungua ule ukurasa wa mtandao, akanionyesha kwamba leseni zinazojulikana zipo tayari, zimeandikwa na wanasheria, unachagua moja, unaiweka kama ilivyo bila kuongeza maneno yako. Ipo fupi inaitwa MIT. Aliponitafsiria nikaipenda papo hapo: chukua, tumia, badilisha, hata kauze, ila jina langu na maneno haya yabaki, na ukiharibikiwa usinikamate shati.

"Hilo ndilo bibo lenyewe!" nikasema. "Jina ndiyo korosho. Weka, tuondoke."

Hapo mkono wake ukasimama. Nikaona hataki kubonyeza. Nami kwa umbea wangu nikainamia kioo, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kabla: kila mstari wa ile kazi una jina ubavuni, la aliyeuandika, na siku aliyouandika. Huku juu, priska, priska, priska. Ukishuka chini, ladi-lukuledi. Ladi-lukuledi tena. Ukurasa mzima ladi-lukuledi.

"Huyu nani?"

"Mwalimu Ladislaus. Alikuwa anafundisha fizikia pale kwetu. Alinisaidia kidogo."

"Kidogo? Hii ni mistari mingapi?"

Akaniambia kwa sauti ya chini, mia sita na kumi na mbili. Kati ya elfu moja na mia moja! Na si mistari ya mapambo. Hesabu yote ya umande, ule umande uliokipa kitu chenyewe jina, ni ya Ladislaus. Nikarudi juu kabisa ya kazi. Pameandikwa: "Imetungwa na Priska." Basi. Mtu mwingine hayupo.

Ndipo nilipomgombeza. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe mtoto wa katekista! Mwenzio kalima nusu ya shamba, wewe umeweka kibao chako peke yako getini?" Mteja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti akarudi nyuma hatua mbili.

Priska hakujitetea. Alisema ule mstari wa juu aliuandika siku ya kwanza, akiwa peke yake, na hakurudi tena kuutazama. Halafu yakaja maonyesho ya walimu, akapewa cheti, jina moja. Ladislaus alikuwepo, akapiga makofi pamoja na wengine. Mwezi uliofuata akaomba uhamisho kwenda Mkunya, kule Newala, na tangu hapo simu yake inaita tu haipokelewi. "Mimi nilidhani amehama kwa sababu ya mama yake anayeishi kule," Priska akasema, na machozi yakaanza. "Kwa hesabu mimi ni hodari, Mama Oliva. Hili sikulihesabu."

Na sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini. Leseni anaitoa mwenye kazi, na kazi ile ilikuwa na wenyewe wawili. Mistari ya Ladislaus ni ya Ladislaus. Bila neno lake, Priska hawezi kuitolea ruhusa yoyote, na Umande bila hesabu ya umande hausemi chochote. Nakiri kosa langu nami: nilimshauri aifute ile mistari aandike yake upya. Akasema itachukua miezi mitatu, na maua hayasubiri. Nikamshauri jingine baya zaidi, aweke tu, nani atajua? Akaniangalia kwa jicho ambalo nadhani wanafunzi wake wanalijua vizuri.

Jumatano alipiga simu mara kumi na moja. Inaita, inakata.

Alhamisi saa saba, alipomaliza vipindi, nilikuwa nimeshafunga duka. Nikavaa koti la marehemu mume wangu, nikampa Priska kofia ngumu, tukapanda. Wanaoshangaa mwanamke wa miaka hamsini na mbili anaendesha pikipiki kwenda Newala waendelee kushangaa. Tulipoanza kupanda kilima baridi ikatupokea, ile baridi ya Juni inayopenya mpaka kwenye meno, na Priska nyuma yangu anafanya mazoezi ya kuomba radhi kwa sauti. "Mwalimu Ladi, naomba tuzungumze. Hapana. Ladi, nimekuja kwa heshima zote..." Nikampigia kelele kwamba akiendelea kuandika hotuba nitamshusha.

Mkunya tulimkuta shambani nyuma ya nyumba ya mama yake, anafagia majani chini ya mikorosho na mashine ya kupulizia salfa imelala pembeni. Mwembamba, mrefu, shati limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, Mama Oliva," akasema, kwa kuwa wakati yuko Masasi alikuwa anatoa fotokopi za mitihani kwangu.

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Priska. Hakumsalimu vibaya, hakumsalimu vizuri. Aliegemea mpini wa ufagio akasubiri. Priska akafungua mdomo, hotuba yote ya njiani ikamkimbia. Akabaki kusema habari za Mueda, wakulima elfu nne, kesho saa sita, bila ruhusa yako hakuna kitu. Kayasema mambo yote yasiyotakiwa kuanza. Nilitaka kumfinya.

Ladislaus akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, ule mstari wa bibo mle ndani uliuandika wewe?"

"Ndiyo."

"Niliusoma siku uliyouweka. Kula bibo, acha korosho. Nikacheka peke yangu. Na yangu iko wapi?"

Jamani! Mimi mwenyewe nilihisi nimepigwa. Priska akavua ile kofia ngumu aliyoisahau kichwani.

"Niliila, Ladi. Nilikula bibo lako na korosho yako nikaondoka nayo, na nikapewa cheti. Sina la kujitetea. Nisamehe. Na hata ukikataa hiyo leseni, jina lako linaingia leo, hilo halina masharti."

Ladislaus akageuza uso upande wa mikorosho. Aliporudi kutuangalia macho yalikuwa mekundu na alikuwa anatabasamu kidogo. "Nilingoja uone mwenyewe," akasema. "Miaka miwili. Na mimi ni mjinga, ningepokea simu."

"Mjinga kabisa!" nikasema, na mama yake, Bibi Isabela, akacheka kule jikoni, kumbe muda wote anasikiliza. Akatuletea mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, tukakaa.

Mkidhani mambo yakaisha hapo hamjawajua walimu. Sasa wakaanza kubishana leseni ipi! Priska anataka ile fupi, MIT. Ladislaus hataki. "Fupi ni nzuri, lakini mtu anaweza kuchukua Umande, akaurekebisha ukawa bora, akaufunga ndani ya programu yake, na sisi tusiuone tena. Mimi nataka GPL." Nikauliza hiyo ndiyo nini. Akanieleza kwamba hiyo inasema, ukichukua kazi yetu ukaijenga ndani ya yako na ukaigawa, basi na yako yote iwe wazi kwa masharti hayo hayo.

"Yaani nikichukua mche kwako," nikasema, "shamba langu lote watu wapite?"

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Mueda watakimbia," Priska akasema. "Programu yao wanaigawia wenzao, na ina mambo mengine ambayo si yao kuyafungua."

Walibishana vikombe viwili vya chai. Mimi nikasema nani kaleta ugomvi huu, mti ni mti na shamba ni shamba! Shamba lake abaki nalo, kalima mwenyewe. Lakini kama ule mti wetu kaubebesha kikonyo, yaani kaupandikiza kitawi cha mkorosho mwingine, kikazaa vizuri zaidi, na anagawa mazao yake, si atuonyeshe alichobebesha? Wakatazamana. Ladislaus akapiga goti lake kwa kiganja. "Mama Oliva, hiyo ipo! Inaitwa LGPL. Imetengenezwa kwa ajili ya maktaba." Haki ya Mungu, sikujua kama nimesema kitu cha maana. Nilikuwa nimekasirika tu.

Jua linashuka, na mtandao Mkunya unapatikana kwa vipimo. Ladislaus akatupeleka kwenye kichuguu nyuma ya uwanja wa mpira, ndipo wenyeji wanaposimama kupiga simu. Akapanda juu, akaandika kwa kidole kimoja kwamba yeye Ladislaus anakubali kazi yake itolewe kwa leseni ya LGPL. Mstari wa bibo wakautoa kwenye ruhusa, wakauweka kwenye utangulizi, na wakaandika wazi kwamba hayo ni maelezo tu, leseni ni ile nyingine. Ikabaki sehemu ya majina. Ladislaus akaandika, Priska na Ladislaus. Priska akamnyang'anya simu, akaandika, Ladislaus na Priska. Wakanyang'anyana juu ya kichuguu watu wazima wale, mpaka nikawaambia nitawasukuma wote. Lake likatangulia.

Ijumaa sikuweza kazi. Nilimpa mtu cheti cha kuzaliwa cha mwingine, nikalaminesha risiti. Priska alikuwa na vipindi viwili, akaja mbio saa tano na kitu, chaki mikononi. Saa tano na dakika arobaini simu yake ikalia. Alisoma, akanikabidhi.

"Mwanasheria amesema inakubalika. Umande unaingia leo. Mwambie Mwalimu Ladislaus asante, huyo mwenye hesabu ya umande ndiye niliyekuwa namtafuta siku zote, sikujua jina lake."

Nilipiga kigelegele! Stendi nzima ikajua kuna jambo, kondakta mmoja akaja kuuliza kama Oliva anaolewa. Priska alikuwa tayari anapiga simu Mkunya, na safari hii iliita mara moja tu ikapokelewa.

Ile leseni nimeichapa. Ni ya Kiingereza na ni ndefu, nimelaminesha ukurasa wa kwanza na ule wenye majina, nikaitundika karibu na leseni yangu ya biashara. Ladislaus aliongeza mstari wa shukrani mwishoni, kwa Mama Oliva aliyeleta pikipiki na kikonyo. Kila anayeingia namsomesha huo kwanza.

Mwishoni mwa Julai, maua yamejaa na salfa inanukia kila upande, tukapata kitu kingine kutoka Mueda. Anastasi kagundua kwamba kwao ukungu wa asubuhi unakaa zaidi kuliko Masasi, kabadilisha mistari saba ya hesabu, na kairudisha kwetu ili na sisi tuitumie. Leseni inamtaka aonyeshe alichobadilisha. Haimtaki aandike barua, lakini aliandika: "Bibo tumekula, tamu. Korosho hii hapa, chini ya mti."

Tulimpigia Ladislaus, na kwa upepo niliousikia nilijua yuko juu ya kichuguu. Priska alimsomea ile mistari saba mmoja mmoja, naye akakubali yote. Kisha nikamwona anarudi juu kabisa ya kazi, pale alipowahi kuandika jina moja, na kabla hajafanya kitu kingine chochote anaandika la tatu, la Anastasi. Mteja akaniuliza picha zake za pasipoti ziko tayari lini. Nikamwambia asubiri.